Komeo

Nimeitwa kuziba nyufa.
Mkataba unasema mita kumi na nne za ukuta,
siku ishirini, mifuko thelathini ya saruji,
maji mtajichotea, ziwa si hilo hapo.
Nyarubamba, saa mbili kwa boti kusini ya Ujiji.
Wenyeji wanapaita Ngomeni
ingawa ngome yenyewe zimebaki kona mbili
na chumba kimoja kizima, hakina dirisha.

Mimi tarehe sizijui. Naijua mikono.
Huyu wa chini alikuwa na haraka:
mawe ya ufukweni, mviringo, hayajaonja tindo,
kiungo juu ya kiungo,
kosa asilolifanya hata kibarua wa siku ya kwanza
isipokuwa anajenga gizani.
Udongo ni wa kichuguu. Alama za vidole
zimekaukia humo, nne,
nyembamba kama dagaa.
Kuna mtoto aliyeamshwa.

Rusimbi, anayetupikia wali na migebuka, anasema
walikuja usiku usio na mwezi, kutoka ng'ambo,
makafi yamefungwa magome ya mti yasilie,
wakaondoka na mbuzi, na chumvi ya Uvinza,
na yeyote aliyeshuka kuchota maji.
Mpaka leo kwao hawaagani kwa "lala salama".
Wanaulizana: "Umeingia ndani?"
Na anayeulizwa hujibu akiwa ameshafunga.

Juu ya kimo cha kiuno, mkono unabadilika.
Huyu alikuwa ameshiba, na amelala.
Jiwe limechongwa, chokaa imechujwa,
matundu ya bunduki membamba nje, mapana ndani,
yote yanalitazama ziwa.
Ilikuja mitumbwi kumi na mmoja, ikarudi minne.
Nimetia kidole kwenye tundu la tatu, nikajivunia
ushindi usio wangu, mimi mtu wa Kasulu,
babu zangu hata kuogelea hawakujua.

Kisha chumba.
Chokaa ile ile. Tindo ile ile, yenye pengo kushoto,
inayoacha mchirizi kama kovu katika kila jiwe.
Mwimo ni wa mninga, haujaoza.
Nikapima nafasi ya komeo mara mbili,
nikamwambia Bukuru, ingia,
nikaegesha ubao, nikapitisha boriti.
Akagonga. Nikasikia anacheka.
Halafu hakucheka.

Komeo liko nje.

Nani anamkimbia adui
akamwomba jirani amfungie kwa nje?
Nimeshajenga maghala. Ghala la mahindi
huliwekei pete za chuma ukutani
kwenye kimo cha kifundo cha mguu,
nane upande huu, nane upande ule.

Nilimpigia Bwana Kagunze wa ofisi ya wilaya.
Akasema matundu hayo yazibe, wageni wataumia vidole,
na kibao kimeshachorwa: NGOME YA MASHUJAA,
rangi ya bluu, mchoraji ameshalipwa.

Jioni nikamuuliza Rusimbi. Alikuwa anasuuza sahani,
hakuinua uso.
"Mawe ya ukuta tumeyachukua sote.
Jiko langu hili. Msingi wa zahanati. Choo cha shule.
Kaburi la mama nimelizungushia.
Umeona nani amegusa ya chumba kile?"

Siku ya ishirini na moja nilirudi mjini.
Nyufa nimeziba. Matundu nimeyaacha.
Kwenye hesabu niliandika: mfuko mmoja wa saruji
uliingia maji.